Beringi Niliyoipaka Juu Juu

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo hunijia kila Ijumaa, na hainijii kwa wema. Ngoja nikae vizuri kwanza. Magoti haya yamelala chini ya magari miaka mingi mno, sasa yanadai haki yao.

Juzi mlikuwa pale gereji, wewe na wenzako, mmeizunguka simu kama watu wanaoota moto, mnabishana. Gari la porini, linaloingia kwenye tope, mchanga na maji, beringi za magurudumu yake ziogelee kwenye oili au zijazwe grisi? Huyu anasema oili, yule anasema grisi, mwingine anasema hao hawajui kitu. Mkaniita, "Mzee Zuberi, hebu tuamulie." Nikajifanya sijasikia, nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote.

Mkanong'ona kwamba mzee ana kiburi. Si kiburi, mwanangu, ni aibu. Jibu la swali lenu ninalo tangu sijaota ndevu, ila kila nikifungua kinywa kulisema naona uso wa mtu. Leo nitalijibu lote, pamoja na sehemu ambayo hamkuiuliza.

Nilijifunza ufundi hapa hapa Kasingirima, Kigoma, kwa marehemu Mzee Yasini. Gereji yake ilikuwa bati sita na miti minne, lakini magari ya mwambao mzima wa ziwa yalikuja kwake. Alikuwa mtu wa Ujiji, mfupi, hapandishi sauti. Akikasirika alikuwa anapunguza sauti mpaka unalazimika kumsogelea ili usikie unavyotukanwa. Na hakuwa na tusi, Mungu amrehemu. Alikuwa na maneno mawili matatu tu ambayo ukienda nayo kulala hayakuachi.

Miongoni mwa wateja wake alikuwapo Lazaro, dereva wa Landrover ya zahanati moja iliyo mbele ya Ilagala. Lazaro alikuja na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto wa kubebwa, akakulia kambini, akaoa, akahamia Ilagala. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kirundi, na sisi vijana wa mjini tulikuwa tunamwigiza akiondoka. Tulikuwa wapumbavu. Dereva yule alikuwa na adabu na gari lake kuliko watu wengi walivyo na adabu na wake zao. Kila aliposimama, hata kama ni kununua samaki mmoja, mgebuka, barabarani, alilizunguka gari na kuigusa kila habu kwa mgongo wa kiganja, moja baada ya nyingine, kama mama anayempima mtoto homa. Habu ni ile nyumba ya katikati ya gurudumu, beringi zinamokaa. Ikiwa vuguvugu, sawa. Ikiwa ya moto, kuna ugomvi ndani.

Sasa, Landrover ile ilikuwa ya zamani, na beringi zake zilikuwa zinapata oili kutoka kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Oili inatembea ndani ya ekseli mpaka magurudumuni, inalainisha, inapoza, mambo safi. Lakini njia ya Ilagala ni mchanga na tope. Mchanga ule ulikuwa unatafuna sili, yaani ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Sili ikichakaa, oili inavuja na kulowesha breki. Lazaro alikuja mara tatu kwa ugonjwa huo huo. Mara ya tatu Mzee Yasini akasema basi, magurudumu ya nyuma tunayahamishia kwenye grisi: tunafunga njia ya oili, tunazijaza beringi grisi kwa mkono, na kila baada ya masika tunafungua kutazama.

Akanikalisha akanionyesha, ingawa nilijiona najua. Ukiwa kijana unajua kila kitu, ndiyo maana hujifunzi. Akaweka bonge la grisi kwenye kiganja cha kushoto. Akashika beringi kwa mkono wa kulia, akaisukuma ukingoni mwa lile bonge, akaisukuma tena, na tena, mpaka grisi ikachungulia upande wa pili kati ya rola na rola, vile vyuma vya mviringo vinavyozunguka ndani. Akaizungusha kidogo, akaanza upya. Beringi moja ilimchukua muda wa kunywa kahawa vikombe viwili.

"Zuberi," akasema, "oili ina miguu, grisi haina. Oili ukiimwaga mlangoni, itafika chumbani yenyewe. Grisi itakaa pale pale mkono wako ulipoiacha. Kwa hiyo mahali ambapo mkono wako haukufika, usiseme umeweka."

Nikasema, "Nimeelewa, Mzee."

Nilielewa kwa masikio tu.

Ijumaa ile ilikuwa siku ya kumaliza kazi. Magurudumu mawili ya nyuma, beringi nne. Tatu nilizijaza vizuri, naapa. Imebaki moja, ya ndani, gurudumu la nyuma kushoto. Mzee akaangalia jua, akasema anatangulia msikitini, nimalize, nifunge, nimfuate.

Na jioni ya siku hiyo, mwanangu, kulikuwa na harusi Ujiji. Binamu yangu alikuwa anaoa. Nilikuwa na shati jeupe jipya, limeninginia kwenye msumari pale gereji, linanitazama. Na harusini atakuwapo Mwajuma. Wewe unamwita bibi na kumwomba chai, lakini wakati ule mtu akimtaja Mwajuma nilikuwa nasahau nimeweka wapi spana. Nikaitazama mikono yangu: nyeusi mpaka kwenye viwiko, grisi imejaa chini ya kucha. Nikasema, nikiijaza na hii ya mwisho, nitampa mkono gani?

Pale gereji tulikuwa na chupa ya mawese. Siyo ya kula. Mafundi wa huku wote walikuwa na chupa ya namna hiyo, tunajipaka mawese mikononi kulainisha grisi, halafu ndipo tunanawa kwa sabuni. Nikaishika ile chupa, na shetani akakaa karibu. Nikajiambia, mawese si mafuta? Si ndiyo mama anapaka kwenye bawaba za mlango? Si ndiyo tunapaka kwenye mnyororo wa baiskeli, na baiskeli inakwenda? Nikachota grisi kwa kijiti, nikaipaka ile beringi juu juu, ikang'aa kama keki ya harusi. Halafu nikamimina mawese, kifuniko baada ya kifuniko, nikisema haya ndiyo yatakayoibeba grisi mpaka ndani. Mzee amesema oili ina miguu. Basi itembee.

Nikapachika, nikafunga, nikakaza. Nikajipaka yaliyobaki, nikanawa mara tatu, nikaiwahi rakaa ya pili. Mzee Yasini aliposalimiana nami baada ya swala akasema, "Umemaliza?" Nikasema, "Alhamdulillahi." Jina la Mungu nikalifanya kifuniko cha uongo, ndani ya msikiti, mikono ikinukia sabuni.

Harusini nilicheza mpaka miguu ikaniuma. Miaka mingi baadaye Mwajuma aliniambia kwamba siku ile hakuitazama mikono yangu hata kidogo. Alikuwa anatazama pilau.

Kesho yake asubuhi Lazaro akaja kuchukua gari. Akalizunguka kama kawaida yake, akagusa habu zote nne, ingawa zilikuwa baridi.

"Mdogo wangu, umezijaza vizuri?"

"Tele, kaka Lazaro."

"Imana iguhezagire," akasema. Ni Kirundi, maana yake Mungu akubariki. Akapanda, akaondoka. Alinibariki kwa kazi ile, mwanangu. Sikia hilo.

Sasa nikwambie kilichotokea ndani ya habu, maana hapo ndipo penye jibu lenu. Mawese yalifika kwenye grisi yakaiyeyusha. Haikubaki grisi, wala haikuwa oili. Gurudumu lilipopata joto, ule uji ukapita kwenye sili, ukatoka wote, sehemu yake ikaenda kwenye breki. Beringi ikabaki kavu, chuma kinakula chuma.

Lazaro alikaa mjini kumngoja nesi, na Jumanne, siku waliyoondoka, ikaja habari kwa dereva wa lori: gari la zahanati limelala mtaroni karibu na Ilagala, kabla ya kufika kwenye pantoni. Mzee Yasini alikuwa kitandani, malaria imemkunja. Akanituma mimi. Njia nzima niliomba iwe kitu kingine, iwe springi, iwe usukani, iwe ng'ombe amekatiza. Moyo ulijua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nilikuta gari limelala ubavu katikati ya michikichi, na gurudumu la nyuma kushoto limepinda nje. Nesi aliyekuwa ndani alikuwa amevunjika mkono. Lazaro alikuwa amekaa chini, jicho moja limevimba, damu imekauka kwenye paji. Watu wamejaa. Na harufu ya mawese ilikuwa imetanda pale, harufu ya mawese yaliyoungua, lakini haikumshtua mtu. Ilagala watu wanakamua mawese kila upande, nani atauliza harufu imetoka wapi?

Nikaomba watu wasogee. Nikafungua habu. Beringi ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa joto, rola zimepondeka, na ndani mna utando mwekundu wa mawese. Nikachukua kitambaa na dizeli, nikaosha. Niliosha harakaharaka, mgongo wangu ukiwa kwa watu. Nilivyoosha beringi ile iliyokwisha kufa, laiti ningeijaza hivyo ilipokuwa hai.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa amesimama juu yangu. Akaniuliza, "Fundi, tatizo nini?"

Neno lile, fundi. Hakuna aliyewahi kuniita fundi mbele ya watu. Wote wakanigeukia. Na mimi, mwanangu, nikasema, "Maji. Gari limepitishwa kwenye maji marefu. Maji yameingia kwenye habu yakaosha grisi."

Ni uongo uliosomeshwa. Maji kweli huosha grisi. Mtu mjinga akidanganya watu hucheka, lakini mtu wa fani akidanganya watu huandika.

Lazaro akaniinulia lile jicho moja lililokuwa linaona. "Maji? Maji gani, mdogo wangu? Nimegusa habu. Imekuwa ya moto nikapumzika mara tatu. Nesi huyu hapa, muulizeni."

Nesi akasema kweli walisimama. Mwenyekiti akasema, "Ulisimama kwa kuwa ulijua umeharibu." Watu wakaguna. Lazaro akanitazama tena, muda mrefu, akisubiri niseme neno. Nilikuwa nakusanya spana. Nilizihesabu mara mbili, zilikuwa tisa.

Wakamfukuza kazi juma lile lile. Na watu wa mwambao hawana huruma kwa majina: wakamwita Lazaro Maji. Watoto wakimwona wanamwuliza, "Mzee, leo umeogelea wapi?" Mkewe, Evelina, akienda sokoni aliitwa mke wa Maji. Hakuna tajiri wala maskini aliyempa tena gari. Akarudi kwenye michikichi yake, akawa mkamuaji wa mawese.

Mzee Yasini alipopata nafuu akasimama, akiwa bado anatetemeka, akaenda Ilagala kumtetea Lazaro mbele ya kamati. Alirudi mchana wa kesho yake. Nilikuwa chini ya lori. Akasema jina langu kwa ile sauti ya chini, nikatoka.

"Nimekwenda kumtetea mtu," akasema, "nikakuta shahidi aliyemwangusha ametoka nyumbani kwangu."

Nikasema, "Mzee, mimi nilisema nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Maji."

Akachukua ile beringi iliyoungua, nilikuwa nimeitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Akaipeleka puani. Nilikuwa nimeiosha kwa dizeli, lakini joto hulipikia chuma harufu, haitoki. Alikaa nayo puani, macho amefumba. Kisha akaikunja kwenye kitambaa akanipa.

"Sikuwapo ulipoifunga, wala sikuwapo ulipoifungua, siwezi kwenda kuapa kwa pua. Aliyeona ni wewe. Beringi iliyopakwa juu juu inang'aa kuliko iliyojazwa, Zuberi, mpaka gari litembee. Hii ni ya Lazaro, mpelekee. Siku utakayompelekea nitakuita fundi. Kabla ya hapo wewe ni mtu mwenye spana."

Aliishi miaka minne baada ya hapo, akanifundisha kila alichokijua, injini, gia, difu, hakunificha kitu. Na hakuniita fundi hata siku moja. Nilimzika kwa mikono hii, na jina hilo bado analo yeye.

Utaniuliza, kwa nini hukwenda? Ilagala si Ulaya. Kila mwezi nilikuwa na sababu. Mara kazi nyingi, mara mtoto anaumwa, mara nikasema Lazaro ameshasahau, ameshazoea, kwa nini nimtoneshe kidonda. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo tunaisema kwa wagonjwa, hatujisemei sisi. Nilidhani ukweli una miguu. Nilidhani utatembea wenyewe, siku moja utamfikia, na mimi sitakuwa na haja ya kuchafua mikono.

Halafu, mwaka uliofuata ile ajali, siku mbili kabla ya Idi, mtu akashuka kwenye gari la Ilagala na dumu la mawese. "Kutoka kwa Lazaro na mkewe. Wanasema Idi njema." Mawese mekundu, safi, yamechujwa. Mwajuma, tulikuwa tumeshaoana, akafurahi, akapika maharage, nyumba nzima ikanukia. Nilipeleka tonge mdomoni nikashindwa kumeza. Nikasema tumbo.

Dumu lilikuja kila mwaka, mwanangu. Kila Idi. Na kila mwaka tumbo liliniuma. Mwajuma akaanza kunicheka, "Mtu wa Kigoma asiyekula mawese, wewe ulizaliwa wapi?" Wewe mwenyewe umeniona nikiepuka sahani ile. Mlidhani ni presha.

Mwaka juzi Idi ikafika, ikapita, dumu halikuja. Ningefurahi, eti? Sikulala. Nikajua kuna mtu amekufa, na nikaomba, Mungu anisamehe, asiwe yeye kabla sijafika. Nikafungua sanduku, nikatoa kile kitambaa, nikapanda gari la Ilagala.

Nilimkuta Lazaro amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, mzee, mwembamba, nguo nyeusi imefungwa mkononi. Ndani nasikia wanawake wa msiba.

"Shikamoo, Mzee Lazaro."

"Marahaba. Ni Zuberi?" Akanitazama vizuri. "Karibu. Umekuja kwa Evelina. Tumemzika Jumatano."

Sikuwa nimekuja kwa Evelina. Sikujua. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, haya magoti unayoyaona, nikafungua kitambaa nikaiweka beringi miguuni kwake. Nikamwambia yote: shati jeupe, chupa ya mawese, dizeli, maji. Nililia kama mtoto aliyechapwa. Nikamaliza, nikangoja anipige, na ningeshukuru.

Akaokota beringi akaigeuzageuza. Halafu akafanya jambo, mwanangu, mpaka leo likinijia nasimama njiani: aliigusa kwa mgongo wa kiganja.

"Imepoa sasa," akasema. "Nilijua, Zuberi. Siku ile ile nilijua. Tulipotoka mjini nikasikia harufu ya mawese, nikadhani kuna dumu limepasuka nyuma. Nikasimama nikatafuta. Hakuna dumu. Nikagusa habu, kidole kikarudi chekundu. Mimi nimelelewa kwenye mawese, utanificha nini? Nikasema niende taratibu nifike Ilagala. Sikufika."

"Kwa nini hukusema?"

"Ego, ndiyo, ningesema." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Ningemwambia nani? Mimi Mrundi wa kambini, wewe fundi wa Mzee Yasini. Nilikutazama wewe useme. Ulikuwa unahesabu spana."

Nikainamisha kichwa. Kumbe aliona hata spana.

"Nilimwambia mke wangu tu," akaendelea. "Mimi nilitaka kuja gereji na panga. Evelina akanizuia. Akasema, 'Yule ni kijana, ameogopa. Tumpelekee mawese yetu. Mtu hawezi kula kwako kila mwaka akaendelea kunyamaza.' Yeye ndiye aliyekuwa anayachuja, hakutaka mtu mwingine ayaguse. Kila Idi, dumu likiondoka, anasema, mwaka huu atakuja. Hata juma lile la mwisho, akiwa hawezi kuinuka, aliniuliza kama dumu lako limeshajazwa."

Basi, mwanangu. Nilichelewa siku tatu. Sijui kama umewahi kusamehewa na mtu ambaye hayupo kuipokea shukrani yako. Ni adhabu nzito kuliko panga.

Nikamwuliza Lazaro nifanye nini. Hakutaka kitu cha mkononi. Akasema, "Mimi nilikuwa najua, kuniambia mimi ni kama kuniamkia. Wasiojua ni hao." Akaonyesha kwa kidevu upande wa kijiji. Kesho yake, Jumapili, watu walipotoka kanisani, mimi Mwislamu wa Ujiji nilisimama uani na kofia yangu, beringi mkononi, nikasema, "Mnayemwita Lazaro Maji hakupita kwenye maji. Maji yale yalitoka kinywani mwangu." Wazee wengine waliokuwapo siku ile ya mtaroni walikuwa hai bado. Mmoja akatema mate chini. Haki yake. Wengine walikwenda kumshika Lazaro mkono, na mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye mvi, akageukia ukuta akaficha uso.

Halafu tukaenda kaburini, mimi na Lazaro, nikasema tena yale yale kwa sauti. Lazaro akasema amesikia. Mimi sijui.

Sasa jibu la swali lenu. Oili ni nzuri: inatembea yenyewe, inapoza, na ikivuja unaiona chini ya gari, inakusemesha. Lakini sili ikifa porini, inaondoka yote na kuharibu breki. Grisi ni nzuri: inakaa, inazuia mchanga na tope. Lakini ni bubu. Maji yakiingia inageuka nyeupe kama uji na hutajua mpaka ufungue. Gari likiingia maji marefu, fungua utazame. Chagua moja uitunze kwa namna yake, wala usizichanganye. Na ukichagua grisi, jaza kwa kiganja mpaka ichungulie upande wa pili, hata kama nje kuna harusi yako mwenyewe.

Na lile ambalo hamkuuliza ni hili. Utakosea, mwanangu. Hakuna fundi asiyeharibu. Siku hiyo sema pale pale, kabla hujaosha, kabla hujaitwa jina kubwa mbele za watu. Ukweli ni grisi, hauna miguu. Usipoubeba kwa mkono wako ukaufikisha, utakaa ulipouacha miaka yote, na yule aliyekuwa anaungoja atakauka. Na kabla hujamlaumu mtu, tazama kama ni yule ambaye neno lake halisikilizwi, maana huyo ndiye tunayemtwika.

Beringi ile Lazaro alinirudishia. Ndiyo ile iliyoning'inia mlangoni pale gereji, mnayoigonga vichwa mkiingia na kuniuliza kwa nini siitupi. Na dumu limeanza kuja tena, sasa mawese anayachuja Lazaro mwenyewe, yana uchafu kidogo chini. Ninayala yote, mpaka Mwajuma ananionea wivu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyoogopa kuchafuka na ulimi usiotangulia mbele ya haki. Akuepushe na kufika baada ya mazishi. Na kama Lazaro alivyonibariki nikiwa sistahili, nami nakubariki wewe ili ustahili: Imana iguhezagire.